Debe la Oili Namba Mia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kinsi Gelle alimpelekea baba yake chai kwenye kiwanja cha ndege cha Garissa. Alipita kwenye lango la ua wa miiba uliozunguka kijiji chao, akamwonyesha askari karatasi yenye jina lake, kisha akafuata njia ya mchanga hadi kwenye ghala dogo la mabati. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu. Huo ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka wa 1966, na vita kati ya serikali na waasi wa kaskazini vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu.

Baba yake, Gelle Nunow, alikuwa mtunza ghala. Hakuwahi kuingia darasani. Alijifunza kusoma kwa kutazama maandishi kwenye makopo ya oili na kuwauliza marubani yalisema nini. Kila siku alifanya mambo yaleyale matatu. Kwanza, alisoma kipimajoto kilichotundikwa ukutani na kuandika namba yake katika daftari. Pili, alitumbukiza kijiti chenye alama ishirini ndani ya debe la oili, akahesabu alama zilizolowa. Kila alama ilikuwa sawa na chupa moja. Tatu, aliwaita watu wa Nairobi kwa redio na kuwaambia alichokipata.

"Kumi na nane," alisema asubuhi moja akipangusa kijiti kwa kitambaa. "Kama jana."

"Aabo, kwa nini unapima kila siku kitu ambacho hakitembei?" Kinsi alimuuliza.

"Kwa sababu rubani hawezi kupima akiwa angani. Nikisema kumi na nane, yeye anaacha makopo yake nyumbani ili abebe mgonjwa. Uzito ninaomwondolea ni uzito wa mtu."

Debe hilo lilikuwa la oili namba mia. Pembeni, juu ya rafu, palikuwa na makopo sita ya oili namba themanini, yaliyofungwa na kufunikwa na vumbi. Kinsi aliwahi kuuliza tofauti yake.

"Ile ya themanini ni nyepesi," baba yake alimweleza. "Inafaa nchi ya baridi. Injini ikipata joto, oili huwa nyepesi zaidi, kama samli juani. Hapa kwetu adhuhuri, namba themanini inakuwa kama maji. Haiwezi tena kutenganisha chuma na chuma. Mshale wa joto unapanda hadi mstari mwekundu, na baada ya hapo injini inajila yenyewe. Ndiyo maana hapa tunatumia namba mia, iliyo nzito."

Kinsi aliyasikia maneno hayo vizuri. Siku hizo, hata hivyo, alikuwa na jambo jingine moyoni.

Familia yao ilikuwa na ngamia kumi na mmoja kabla ya amri ya serikali ya kuhamia kijijini. Baada ya amri hiyo, watu wote wa malisho walikusanywa ndani ya ua mmoja karibu na mji, na mifugo haikuruhusiwa kwenda mbali. Majani yaliyokuwa karibu yaliisha katika mwezi mmoja. Ngamia walisongamana, na upele ukatoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Sasa alikuwa amebaki mmoja tu, jike kijana aitwaye Deero, ambaye Kinsi alimlea tangu azaliwe. Manyoya yalikuwa yamemtoka shingoni na mapajani, na ngozi ilikuwa imekakamaa na kupasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi.

Zamani upele haukuwa tatizo kubwa kwao. Ndege ilipobadilishwa oili, Gelle alileta nyumbani ile chafu, na Ayeeyo, bibi yake Kinsi, aliwapaka ngamia. Oili huwafunika wadudu wa upele wakakosa hewa. Lakini tangu vita vianze, ndege hazikukaa Garissa muda wa kutosha kubadilishwa oili. Zilitua, zikapakia, zikaondoka.

"Hata chupa moja ingetosha kuanza," Ayeeyo alikuwa akisema, akimpapasa Deero kwa kiganja. "Chupa moja tu."

Kila Ijumaa, Gelle alipokwenda msikitini, Kinsi ndiye aliyebaki kulinda ghala. Ijumaa ya kwanza ya mwezi huo, aliinamisha debe polepole na kujaza kibuyu chake. Alipotumbukiza kijiti, alama kumi na saba zililowa. Alikaa chini akakitazama kijiti kwa muda mrefu. Kisha akachukua mtungi wa maji ya kunywa na kumimina ndani ya debe mpaka alama ya kumi na nane ikalowa tena.

Aliporudi nyumbani alimwambia Ayeeyo kwamba dereva mmoja wa lori amempa oili. Ayeeyo aliomba dua ndefu kwa ajili ya dereva huyo. Ijumaa nne zilipita hivyo, na chupa nne zikaondoka. Debe lilikuwa bado kumi na nane.

Jumamosi iliyofuata Ijumaa ya nne, hapakuwa na masomo. Kinsi alipofika ghalani na chai, alimkuta rafiki yake Amino amekaa kwenye kivuli cha ukuta, amekumbatia furushi la nguo. Kando yake, juu ya kitanda cha kamba, alilala mama yake, Saynab. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Saynab alikuwa muuza maziwa, na kila mtu kijijini alimjua. Wanawake walisema kwamba ukinunua kwake huna haja ya kuonja. Sasa uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika kwa siku mbili, na mtoto alikuwa amelala mkingamo tumboni. Daktari wa upasuaji alikuwa amekwama Wajir, kwa kuwa barabara ilikuwa imetegwa mabomu. Muuguzi aliyekuja naye alikuwa amesema neno moja tu: Nairobi.

"Ndege inakuja saa nne," Amino alisema. Alijaribu kutabasamu. "Wallahi, Kinsi, mama yangu atapanda ndege kabla yako, wewe uliyekulia uwanjani."

"Nitakusimulia jinsi ilivyo," Saynab alisema kwa sauti ndogo, akafumba macho.

Ndege ilitua saa nne na robo. Ilikuwa ndogo, yenye injini moja, na ubavu wake mmoja ulikuwa umepakwa mstari mweusi wa oili. Rubani, Bwana Harbans, alishuka akipangusa jasho kwa ncha ya kilemba chake. Alifungua kifuniko cha injini, akatumbukiza mkono, akaguna.

"Kiungo cha bomba la oili kimelegea njiani," alisema. "Nimeona mshale wa joto ukipanda, nikajua. Nitakikaza, si kazi kubwa. Lakini imebaki chupa sita, na injini hii inataka kumi na mbili. Gelle, jana kwa redio ulisema kumi na nane?"

"Kumi na nane, Bwana. Na leo pia."

"Vizuri. Nimeacha makopo yangu yote Nairobi kwa sababu yako."

Gelle alipakia debe kwenye mkokoteni na kulivuta juu ya mawe hadi kwenye ndege. Kinsi alifuata nyuma. Moyo wake ulikuwa ukipiga hesabu. Alijua maji hukaa chini na mafuta hukaa juu. Chupa nne chini, chupa kumi na nne juu. Rubani anataka sita. Wakichukua za juu, alijiambia, hakuna litakalotokea.

Kisha akaona baba yake akitoa pampu ya mkono. Bomba lake lilikuwa refu, nalo lilishuka mpaka chini kabisa ya debe. Upande wa pili wa pampu ulikuwa na mpira ulioingia moja kwa moja kwenye injini.

Amino alikuwa amesimama karibu naye. "Tazama baba yako," alimnong'oneza. "Anapima oili kama mama yangu anavyopima maziwa. Tone halipotei."

Gelle alishika mpini wa pampu.

"Aabo, usivute," Kinsi alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, na Gelle hakusikia. Kinsi akasogea, akaushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili.

"Usivute, Aabo. Chini mna maji. Nimeyatia mimi."

Gelle aliutazama mkono wake kana kwamba si wake.

"Maji kiasi gani?" aliuliza.

"Chupa nne, moja kila Ijumaa. Oili nilimpaka Deero. Si dereva aliyenipa."

Bwana Harbans hakupiga kelele. Aliomba chupa ya kioo, akafungua mpira wa pampu na kuvuta mara tatu. Maji yalitoka, meupe na safi. Kisha akainua bomba hadi katikati ya debe, akavuta tena. Safari hii kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Ya juu bado ni safi!" Kinsi alisema. "Tuichote kwa juu, kama samli."

"Imetikiswa njia nzima," rubani alijibu. "Labda ya juu ni safi. Labda si safi. Oili ya injini hupata moto wa kutosha kukausha unyevu mdogo, lakini maji mengi hivi yatageuka mvuke na povu. Pampu ya injini itavuta povu badala ya oili, nasi tutakuwa juu ya msitu." Alitikisa kichwa. "Kwa labda, mimi sirushi mtu."

"Oili ya malori je?" aliuliza Amino, akimwita rubani ami kwa heshima. "Kwenye kambi ya jeshi kuna malori mengi, Adeer."

"Ile ina dawa inayoacha majivu, mwanangu. Injini hii haiitaki."

Macho ya wote yalielekea kwenye mlango wa ghala, kwenye rafu ya makopo yenye vumbi. Gelle alikwenda kuyaleta. Alileta pia daftari lake.

"Ni namba themanini, Bwana. Yamefungwa, hayajaguswa. Kuna chupa sita."

Rubani alitazama kipimajoto. Kilisoma digrii mia moja na mbili, kwa kipimo cha Farenhaiti kilichotumika siku hizo, na jua lilikuwa bado linapanda. "Kwa joto hili, na mgonjwa, na muuguzi, na kupanda juu kwa nusu saa? Mshale utafika kwenye mstari mwekundu kabla sijauona mto ukipinda."

Gelle alifungua daftari na kupitisha kidole chake polepole. "Mwezi huu saa kumi na mbili asubuhi huwa ni sabini na saba, Bwana. Haijawahi kupita themanini. Mwaka jana rubani mmoja aliondoka saa hizo akiwa na namba themanini. Nilimwomba aniambie kwa redio mshale ulifika wapi. Nimeandika hapa. Ulisimama chini ya mstari mwekundu kwa upana wa kidole."

Bwana Harbans alisoma ukurasa ule mara mbili. Kisha alizungumza na Nairobi kwa redio. Ndege nyingine ilikuwa Lodwar na isingefika kabla ya adhuhuri ya kesho. Alirudi, akachuchumaa kando ya kitanda cha kamba.

"Mama, tutaondoka alfajiri. Si sasa. Ukiweza kungoja, nitakufikisha."

Saynab alifumbua macho. Alimtazama rubani, halafu Gelle, halafu Kinsi, kwa muda uleule kila mmoja.

"Mimi naweza kungoja," alisema. "Wa ndani sijui."

Amino aliliacha furushi lianguke. "Ulikaa nami darasani Ijumaa nne," alimwambia Kinsi. "Asubuhi unakaa nami, adhuhuri unatia maji. Mama yangu hajawahi kutia maji hata tone, hata mwaka ule wa ukame, na wewe unajua!" Kisha akageuka na kwenda kumpepea mama yake kwa ncha ya leso, na hakutazama nyuma tena.

Walisubiri mchana kutwa, nao haukutaka kuisha. Gelle alitundika turubai. Kinsi alichota maji, akalowesha kitambaa, akampa muuguzi, kwa sababu Amino hakukubali kukipokea kutoka mikononi mwake. Saa kumi hivi muuguzi alisikiliza tumbo la Saynab kwa chombo chake cha mbao cha kusikilizia. Alisikiliza upande mmoja, akasikiliza upande mwingine, akarudia. Kisha akakifunga ndani ya kitambaa.

Alfajiri kipimajoto kilisoma sabini na sita. Ndege iliondoka kabla jua halijachomoza, ikapanda polepole sana juu ya miti ya Tana. Gelle alikaa mbele ya redio akiwa na kalamu. Baada ya dakika ishirini sauti ya rubani ilisikika: "Mshale uko chini ya mstari kwa vidole viwili." Gelle aliandika.

Habari nyingine ilikuja jioni. Mama alikuwa amepasuliwa na angeishi. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa amekufa.

Jumatatu, Gelle aliandika taarifa yake mwenyewe kwa afisa wa kiwanja. Hakuandika jina la Kinsi. Aliandika kwamba debe lilikuwa chini ya ulinzi wake na kwamba alisema kumi na nane wakati oili ilikuwa kumi na nne. Walichukua funguo za ghala, wakampa panga la kufyeka majani kando ya njia ya ndege.

"Kwa nini hukuwaambia ni mimi, Aabo?" Kinsi alimuuliza.

"Wewe ulitia maji. Mimi nilisema namba." Alipitisha kidole kwenye makali ya panga. "Kijiti kile kinapima kimo. Hakipimi kilichomo. Nilijua jambo hilo tangu zamani. Ilikuwa rahisi tu kupima kimo."

Deero naye hakuishi. Ngozi yake ilikuwa imepona, na manyoya mapya, laini kama ya ndama, yalikuwa yameanza kuota shingoni. Upele haukumwua. Asubuhi moja alipiga magoti na hakuinuka, kwa sababu ndani ya ua ule hapakuwa na jani lililobaki. Ayeeyo alikaa naye mpaka mwisho. Hakumlaumu Kinsi. Alisema tu kwamba angependa kuirudisha ile dua aliyomwombea dereva, lakini hajui inarudishwaje.

Darasani Amino alihamia dawati la mbele.

Baada ya wiki tano, msafara wa malori ulimrudisha Saynab. Alikuwa amekonda, akitembea huku ameshika ubavu. Siku ya tatu alimwita Kinsi. Kinsi alimkuta ameketi mlangoni mwa kibanda, vibuyu vyake vya maziwa vimepangwa pembeni, vyote vikavu. Hapakuwa tena na maziwa ya kuuza kijijini. Amino alikuwa ndani akifagia.

"Keti," Saynab alisema.

Kinsi aliketi. Alikuwa amejiandalia maneno, lakini yote yalimtoka. "Nisamehe, Eddo, shangazi yangu," alisema, na akaanza kulia.

Saynab alimwacha alie mpaka akanyamaza.

"Sitakuambia si kitu," alisema. "Ni kitu. Wala sitakuambia kwamba mtoto angeishi. Mungu ndiye ajuaye. Najua kwamba kama ungenyamaza mpaka mwisho, tungekufa sote angani. Ulisema, na mimi niko hapa. Hilo nimeliweka upande mmoja. Upande wa pili nimeweka Ijumaa nne. Bado sijui upande upi ni mzito."

Alichukua kibuyu kimoja, akakigeuzageuza mikononi.

"Nimeuza maziwa miaka ishirini. Nikuambie nilichojifunza. Maziwa yakimwagika, waambie watu yamemwagika. Watalala njaa, lakini watajua wana njaa, na watatafuta kingine. Ukijaza maji mahali pake, unawafanya wadhani wameshiba. Baba yako angesema kumi na nne, na rubani angepata sita zake safi. Ungemwambia baba yako kuhusu ngamia, angetafuta njia, au asingepata njia, lakini mngekosa pamoja. Hasara iliyofichwa haipungui, mwanangu. Inahamia kwa mtu mwingine, ambaye hajajiandaa. Safari hii ilihamia kwangu."

"Nimesikia, Eddo."

"Umesikia. Sasa likumbuke neno hili hata siku utakapokuwa huoni aibu tena. Aibu huisha."

Kinsi alisimama. Mlangoni, Amino alikuwa ameacha kufagia. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ndege.

"Amino," Kinsi alisema, "utarudi kukaa nami darasani?"

Amino alifikiri. Alitazama mikono yake, akatazama vibuyu vikavu vya mama yake.

"Sijui," alisema.

Kinsi aliitikia kwa kichwa, akashika njia ya nyumbani kando ya ua wa miiba. Lilikuwa jibu dogo, nalo halikumpa chochote cha kutumaini. Lakini lilikuwa halijatiwa maji, naye alilipokea kama lilivyo.